Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: chemchemi hukaukia juu, si bondeni

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Tunaokuandikia ni mafundi wa kurejesha vidakio vya maji, yaani ardhi inayopokea mvua na kulisha chemchemi, katika asasi ya kijamii ndani ya mkoa wako. Siku zetu zinaishia kwenye makorongo, vitalu vya miche na chemchemi. Tumeiandika barua hii Juni kwa makusudi. Julai bajeti mpya inaanza kutumika, vitalu vinatiwa mbegu na magreda yanarudi barabarani. Ombi hili likikufikia Oktoba litakuwa limechelewa mwaka mzima.

Tunaomba fedha na nguvu kazi zinazotengwa kwa "utunzaji wa vyanzo vya maji" zihamie juu. Kwa kawaida huishia kwenye chemchemi yenyewe: uzio wa seng'enge, bango, miche mia mbili na picha ya pamoja. Chemchemi ni mdomo wa bomba tu. Tangi liko uwandani, Newala na Tandahimba, chini ya mikorosho na barabara za vumbi.

Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito. Mvua yetu ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, huangukia kwenye kichanga chekundu, ikazama na kutokea miguuni mwa mteremko: Ndanda, Mbwinji, Mitema katika bonde la Kitangari. Mradi wa maji wa Makonde, uliojengwa miaka ya 1950, unayasukuma maji hayohayo kutoka Mitema kuyarudisha juu. Tunalipa umeme wa kuyapandisha maji, lakini hatulipi jembe la kuyazamisha.

Kichanga kinatudanganya. Mtu hukiona kimelegea, akadhani kinakunywa kila tone. Kikiwa tupu, matone makubwa hukipiga, chembe laini zikaziba matundu, na ukifika mwisho wa mvua ya kwanza uso umeshika ukoko. Ubandue kwa ncha ya panga: unene wake haufiki nusu sentimita, juu umelainika kama kigae, na chini yake mchanga ni mkavu, unatimka vumbi. Mvua imenyesha saa nzima na haijaingia. Imeteremka.

Tuanze na mashamba ya mikorosho, maana ndiyo yanayofunika sehemu kubwa ya tangi. Korosho huanguka kuanzia Septemba hadi Desemba. Ili zionekane, mkulima hufyeka na kufagia shamba lote likawa jeupe kama uwanja wa mpira, kisha majani huyachoma. Hatumlaumu, kwa sababu korosho iliyolala kwenye takataka hupata unyevu na kushuka daraja. Lakini mvua za kwanza, ambazo mara nyingi huja kwa kishindo, hulikuta shamba likiwa uchi kabisa. Kinachotakiwa si kuacha kufagia, ni kufagia chini ya kivuli cha mti tu. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, kati ya mstari na mstari panabaki mahali pa kuacha ukanda wa nyasi wenye upana wa mita 2 unaokata mteremko, na majani yaliyofagiliwa yakalazwa humo. Mkulima atauliza kuhusu moto, na ana haki ya kuuliza: ukanda wa majani makavu ni utambi. Kwa hiyo ukatwe kila baada ya miti mitano kwa nafasi tupu ya mita 3, na pembezoni mwa shamba ibaki barabara ya kuzuia moto. Maofisa ugani wako wanaweza kulisema hili katika mikutano ya vyama vya ushirika mwezi Julai na Agosti, wakati wakulima wanapulizia dawa na akili yao iko shambani.

Pale mteremko unapozidi asilimia 3 hivi, ukanda wa nyasi peke yake hautoshi, yanahitajika makinga maji: mitaro yenye tuta, inayokata mteremko kwa usawa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kwa kosa moja: mstari kupimwa kwa macho. Jicho husema pako sawa, kumbe mtaro umeshuka sentimita 20 upande mmoja. Maji ya shamba zima hukusanyika hapo, hupasua tuta, na korongo jipya huzaliwa pale tulipokwenda kulizuia. Kipimo ni cha bure: fito mbili za mita 2 zilizofungwa mfano wa herufi A, fito ya tatu ikilazwa katikati, na uzi wenye jiwe au chupa ya mchanga ukining'inia kutoka kileleni. Kabla ya kuanza, alama iwekwe pale uzi unapokata fito ya katikati, kipimo kigeuzwe miguu, alama ya pili iwekwe, na katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Siku ya upepo mkali uzi huyumba, bora kazi ifanyike asubuhi.

Mtaro uwe na upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, udongo utupwe upande wa juu. Katika mteremko wa asilimia 5, nafasi kati ya mtaro na mtaro ni kama mita 20. Katika asilimia 10, kama mita 13. Kila baada ya mita 5 hadi 8 libakizwe fundo la udongo ambalo halijachimbwa, fupi kuliko ukingo kwa sentimita 15, ili sehemu moja ikipasuka maji ya mtaro mzima yasitokee hapo. Juu ya tuta zipandwe nyasi za vetiva au matete msimu uleule. Tuta la kichanga lisilo na mizizi halimalizi mvua mbili. Mtu mmoja katika udongo wetu humaliza mita 6 hadi 8 kwa siku, na hiyo ni hesabu inayoingia vizuri katika ajira za muda za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), mradi kazi ifanyike kati ya Julai na Oktoba na mstari upimwe kwanza na mtu anayejua.

Sasa barabara. Hapa, Mheshimiwa, ndipo saini yako inaweza kufanya zaidi ya majembe yetu yote.

Barabara ya vumbi yenye upana wa mita 6, kipande cha mita 500, ni mita za mraba 3,000. Mvua ya milimita 40, ambayo kwetu inaweza kunyesha alasiri moja ya Januari, humwaga hapo lita 120,000. Hata robo ikizama njiani, zinabaki lita 90,000. Mitaro ya pembeni huzikusanya zote na kuzitema mahali pamoja, mara nyingi kwenye ukingo wa uwanda ambako ardhi inaanguka. Ndiyo maana makorongo mengi ukiyafuata hadi kichwani yanaishia kwenye mdomo wa kalavati. Halafu korongo hupanda. Kila mvua humega kichwa chake kurudi nyuma, hadi linaikuta barabara iliyolizaa na kuikata.

Dawa yake ni michirizi ya kuchepusha. Kwenye mteremko, kila mita 20 hadi 30, mtaro wa pembeni ufunguliwe mdomo na mchirizi utoke kwa pembe ya nyuzi kama 30 na barabara, ukishuka kwa asilimia 2 hivi. Ukilala sana hujaa mchanga, ukisimama sana huchimba. Mwisho wake liwe shimo la kuzamishia maji, mita 2 kwa 2 kwa wastani na kina cha mita 1, lenye kuta zilizolazwa ili mtoto akitumbukia aweze kupanda. Hesabu inakubali: mita 25 za barabara kwa mvua ileile huleta lita 6,000, zikifika shimoni ni kama 4,500, na shimo linabeba 4,000 huku likinywa wakati huohuo. Mwenye shamba aombwe kwanza na makubaliano yaandikwe serikali ya kijiji. Mwanzoni wengi hukataa, lakini mkorosho ulio jirani na shimo ukibaki wa kijani Agosti mazungumzo hubadilika.

Mashimo haya yana maadui wawili. Wa kwanza ni mchanga laini wa barabarani, ambao usipochotwa kila mwaka kabla ya Novemba hulifanya shimo kuwa sahani. Wa pili ni greda. Likipita kusawazisha, huacha tuta dogo la udongo pembeni, na tuta hilo huziba midomo ya michirizi yote. Kazi ya wiki tatu huondoka kwa dakika kumi, na dereva wala hajui, kwa sababu hakuna mahali alipoandikiwa. Tunaomba mikataba ya matengenezo ya barabara za vumbi katika mkoa iwe na mstari mmoja tu wa ziada: mkandarasi halipwi kipande hadi midomo ya michirizi ihesabiwe na ikutwe wazi.

Kwa makorongo ambayo tayari yapo, utaratibu ni kuyakatia maji kichwani kwanza, ndipo yazibwe. Ukiziba kabla ya kuchepusha, unajenga kitu cha kubomolewa. Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, tunazipenda, lakini uwandani hakuna mawe, na jiwe la kusafirishwa kwa lori huifanya gabioni moja iwe na bei ya vizuizi vingi vya miti. Tunatumia nguzo zinazochipua, giliricidia au mbono kaburi, nene kama kifundo cha mkono, urefu mita 1.5, zikichimbiwa sentimita 70. Safu ni mbili, mwachano wa nusu mita, na katikati hushindiliwa matawi na kufungwa. Kizuizi kikisimama nusu mita juu ya sakafu ya korongo lenye mteremko wa asilimia 5, kinachofuata kiwe mita 10 chini yake, kwa sababu kilele cha kile cha chini kinatakiwa kilingane na mguu wa kile cha juu. Katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 20 au 25, ncha zizame nusu mita ndani ya kuta, na upande wa chini, maji yanapoangukia, pasakafiwe matawi yaliyofungwa urefu wa mita 1. Kizuizi kilichonyooka juu kama benchi huyapeleka maji pembeni, na mwaka wa pili unakikuta kimesimama kizima huku korongo limepita ubavuni. Kisicho na sakafu huchimbwa miguu. Nguzo zilizokauka huliwa na mchwa. Mifuko ya sandarusi iliyojazwa mchanga huoza kwa jua ndani ya msimu au miwili, ikabaki takataka bondeni.

Kuhusu miti tutasema wazi. Wiki ya Maji hufikia kilele 22 Machi, na Siku ya Misitu Duniani ni siku moja kabla yake. Kaskazini masika yanaingia majira hayo. Kwetu kusini mvua inafunga virago. Mche uliopandwa Machi unapata wiki chache za unyevu, kisha miezi isiyopungua sita ya jua. Huo ni mche wa picha. Sherehe zibaki Machi, lakini siku hiyo kazi iwe kuhesabu miche iliyopona na kuipalilia. Kupanda kufanyike pale ardhi imelowa hadi sentimita 30, kwa kawaida Desemba, na kusivuke mwisho wa Januari. Hiyo ina maana mbegu zinakwenda kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kitaluni, Julai na Agosti, na kumwagilia kunapunguzwa wiki tatu za mwisho ili mche uzoee shida. Kiriba kiondolewe chote wakati wa kupanda. Tumefukua miche mingi iliyokufa ikiwa imejikunja ndani ya plastiki.

Karibu na chemchemi mikaratusi isipandwe. Mikuyu na mizambarau mwitu ndiyo ya hapo. Na kwenye miteremko yenye visiki vya miombo, kabla ya kununua mche wowote, tazameni visiki. Kisiki hai kina mizizi ambayo mche utaihangaikia miaka. Chagueni machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, mengine yakatwe, matawi ya theluthi ya chini yapogolewe, kitambaa kifungwe ili kila mtu ajue kina mwenyewe, na moto uzuiwe. Mwaka wa pili mnarudia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa chanzo, na isimamiwe. Ila mita 60 kuzunguka chemchemi haigusi mahali maji yanapozamia, kilomita kadhaa juu. Hilo linahitaji mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji vya juu na vya chini kukaa meza moja, na ofisi ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iko hapo mjini Mtwara kuitisha kikao.

Mwisho, kipimo. Taarifa zinazofika mezani kwako huhesabu miche iliyopandwa. Tunaomba ziwe na safu mbili nyingine: miche iliyo hai Oktoba, na kiasi cha maji yanayotoka kwenye chemchemi Oktoba hiyohiyo, mahali palepale. Vifaa ni ndoo ya lita 20, kipande cha bomba na saa ya simu. Ipimwe mara tatu, ichukuliwe ya wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku, ambazo kwa lita 25 kwa mtu, kipimo cha Sera ya Maji ya 2002, zinatosha watu 1,728. Ikijaa kwa sekunde 60 mwaka unaofuata, watu 576 wamepoteza maji yao, na hakuna bango litakalolificha hilo.

Mtendaji wa kijiji na mwalimu wa sayansi wanaweza kupima. Tupo tayari kuwafundisha, nusu siku kwa kata, kuanzia Agosti. Tunachohitaji kutoka ofisini kwako ni waraka kwa wakurugenzi wa halmashauri ukiagiza safu hizo mbili, na ule mstari wa greda uingie kwenye mikataba kabla haijasainiwa.

Wako katika kazi,

Mafundi wa kurejesha vidakio vya maji,
Mtwara