Bingwa wa magonjwa ya ndani awe wa kurudiwa

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi niseme hili maana kila siku kwenye magrupu ya WhatsApp huku Pemba swali ni lile lile, "jamani nani bingwa mzuri wa presha nimpeleke bimkubwa", na majibu yanamiminika, nenda kwa fulani Unguja, fulani yuko Muhimbili, yule dakta Mchina wa spitali ya Abdulla Mzee, kila mtu na wake, na hapana hata mmoja anaeuliza huyo bimkubwa anaumwa nini na sasa hivi anameza dawa gani.

Bingwa wa magonjwa ya ndani wengi hatuijui kazi yake. Hapasui mtu. Yeye presha, sukari, figo, ini, mapafu, moyo, vyote vyake kwa pamoja, ndo maana wanasoma sana, miaka 5 ya udaktari, mwaka wa intanship, halafu miaka mingine 3 ya ubingwa, na bobezi wa moyo peke yake au figo peke yake huyo kaendelea tena mbele. Na mtu mzima wa kwetu hana ugonjwa mmoja bwana. Ana presha, ana sukari, na magoti juu yake.

Ami yangu alipewa amlodipini kituo kimoja, akenda spitali nyengine akapewa amlodipini ile ile ila boksi la rangi nyengine na jina jengine kubwa juu, akawa anameza zote mbili kwani kaambiwa dawa ya presha haiachwi. Miguu ikavimba. Dawa hiyo ikizidi ndo kawaida yake kuvimbisha miguu, lakini pale tulompeleka hakuna aliemuuliza anameza nini, akaandikiwa Lasix atoe maji, mzee usiku kucha yuko chooni na asubuhi kizunguzungu. Na diklofenaki za magoti anajinunulia mwenyewe dukani, kumbe zile zinapandisha presha na figo zinaziumiza. Mwisho tukampata bingwa mmoja, kijana tu wala hana jina, la kwanza alosema ni "mzee wangu, nitolee dawa zote ulizokuja nazo". Akazipanga mezani akasoma boksi moja moja, nyengine akazisukuma upande wangu akasema hizi asimeze tena. Akampima presha amekaa, akamsimamisha akampima tena. Akamuuliza chumvi, akamuuliza futari anakula mara ngapi, mpaka ami akacheka. Nikasema ndo huyu. (Msije mkaacha dawa wenyewe kwa kusoma barua hii, zipelekeni zote kwa dakta aamue yeye.)

Zile kambi za madaktari bingwa zinazokuja sizisemi vibaya, mtu wa mtoto wa jicho au ngiri anapasuliwa na mambo yanakwisha. Presha na sukari haviko hivyo. Dawa ikianzishwa lazima uangaliwe tena baada ya wiki kadhaa, figo zipimwe, na ile sukari ya kutoboa kidole inakwambia ya saa ile tu, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 ilopita ndo kinachomuumbua mtu aloacha kula halua siku mbili kabla ya kliniki. Sasa bingwa wa kambi akishapanda boti Mkoani nani anayafatilia hayo? Mimi bora dakta wa Chake au Wete nitaemkuta tena mwezi ujao kuliko jina kubwa la Dar ninalolifikia kwa nauli ya kukopa mara moja kwa mwaka. Akisema mwenyewe huyu aende spitali ya Mnazi Mmoja Unguja, aende, ila aandikiwe barua na majibu ya vipimo awe nayo mkononi, asianzishwe upya.

Lakini kumkuta huyo dakta nako kazi. Iko spitali moja, siitaji, watu wanatoka Micheweni alfajiri, wanafika wanaambiwa dakta leo yuko semina njooni wiki ijayo, na ubaoni limebandikwa tangazo la zabuni la mwaka juzi. Wauguzi wengi watu wazuri mno, ila yupo mmoja anasimama mlangoni anaita "wa kidonda cha sukari nani?" mbele ya benchi zima, mtu mzima anainuka kichwa chini.

Naiomba Wizara ya Afya jambo dogo, kila spitali ibandike getini jina la dakta, bingwa wa nini, na siku zake za kliniki, na mwenye kadi ya ZHSF (Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar) ajue mapema kama hapo inapokewa. Redio ya ZBC kila siku inatusomea matangazo ya vifo, ikitusomea na siku za kliniki haipungukiwi kitu, na dakta akipata udhuru tuambiwe jana yake usiku, kabla watu hawajapanda gari ya kwanza.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba