Tukate fremu ya pikipiki ya baba, au tuiache?

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kwako na kwa wasomaji wote mlionizidi umri. Wengine, habari za kazi. Barua yangu nawaelekezea hasa mafundi, na yeyote aliyewahi kufufua pikipiki ya zamani nyumbani kwake bila karakana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Korogwe. Baba yangu alikuwa bwana shamba, na kwa miaka mingi alizunguka vijiji vya milimani Lushoto juu ya pikipiki moja tu, Honda CG125 nyekundu. Aliinunua mwaka 1986 kwa mtu ikiwa imeshatumika. Mwaka 2004 miguu ilipoanza kumsumbua aliiegesha kwenye kibanda cha nyuma, akaifunika turubai, akawa anatuambia ataipiga kiki siku akipata nafuu. Alifariki mwaka 2011. Turubai likaoza, kibanda kikageuka banda la kuku, na sisi watoto kila mmoja akawa na maisha yake.

Likizo ya Desemba iliyopita niliingia kusafisha banda nikakuta kuku ameatamia juu ya siti ya pikipiki, pale sponji ilipobonyea kwa kukaliwa na baba. Nilimhamisha na mayai yake, nikavua kanga ya juu, nikaanza kufuta tangi. Chini ya vumbi na kinyesi ikatokea ile rangi nyekundu. Nikafuta na kifuniko cha pembeni, kile cha upande wa mguu wa kushoto, yakatokea maandishi meupe ambayo baba alimlipa mchora vibao wa Mombo amwandikie: KAWIA UFIKE. Herufi zimepasukapasuka, F imebanduka nusu, lakini zinasomeka. Nilikaa chini palepale bandani nikalia. Jioni nikampigia simu kijana wa kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyerithi jina la babu yake, nikamwambia njoo tuitengeneze.

Kijana ana miaka 22, amemaliza VETA ufundi wa magari, na mkono wake ni mzuri kweli. Tangu Januari anakuja kila Jumapili, hajanidai hata nauli. Naomba mlijue hilo kabla sijaeleza tunakovutana, maana sitaki mtu amwone mkorofi.

Tulianza na injini. Kiki ilikuwa haishuki kabisa. Kabla sijampa kijana nafasi nilifanya kosa la kumwita fundi mmoja wa mtaani, naye akafungua juu akaanza kuigonga pistoni kwa nyundo na kipande cha mti. Nyundo ikateleza, ikavunja pezi moja la kupozea silinda. Nikamlipa nikamwomba aache. Kijana alipokuja akarudisha hedi, akatoa plagi, tukamimina kwenye tundu lake dizeli na oili ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, tukaiacha inywe. Kila jioni nikitoka shule nilikuwa naongeza kidogo, naweka gia ya juu, nalisukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa upole. Siku ya tisa lilisogea kama upana wa kucha. Sijui kama kuna aliyewahi kuhisi kitu hicho mkononi, chuma kilichokufa miaka zaidi ya ishirini kikikuachia kidogo tu. Nilimwita mama aje aone, akaja na fimbo yake akaweka mkono juu ya tairi.

Tulipoivua silinda tukakuta kutu imeila kwa duara moja, pale ringi zilipokaa muda wote huo. Ukipitisha kucha, inakwama. Kwa hiyo lazima silinda ichongwe au ibadilishwe, na hapa ndipo swali langu la kwanza lilipo.

Mafundi mnaijua injini hii kuliko mimi. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki ni punda wa kazi, inabebeshwa mizigo, inapitishwa vumbini, na oili inabadilishwa mwenye nayo akipata hela. Ndiyo sababu valvu zake zinasukumwa na vijiti, haina mnyororo wa taimingi wa kulegea. Wachina wakaliiga umbo hilo, na pikipiki nyingi za Kichina zilizopaki pale stendi zinasubiri abiria zina injini ya ukoo uleule. Kwa hiyo spea si tatizo. Silinda ya baba ina kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni inatembea 49.5. Muuza spea alinionyesha pistoni ya Kichina ya kipimo hichohicho, na nyingine zilizoongezwa 0.25, 0.50 hadi milimita 1 nzima kwa silinda iliyochongwa.

Kijana anasema kuchonga ni kupoteza pesa. Anataka tufunge silinda ya cc 150, ambayo kipenyo chake ni milimita 62 na mwendo wa pistoni ni uleule. Fundi kerezo mmoja alituambia inawezekana, ila mdomo wa kreki kesi, lile ganda la chini la injini, lazima ukerezwe kwanza upanuke ndipo silinda hiyo izame. Mwingine anashauri tuache habari zote hizo, tununue injini nzima ya Kichina yenye stata, tuifunge tupande. Mimi napenda kuchonga. Injini hii ina namba yake, na namba hiyo imeandikwa kwenye kadi pamoja na ya chasisi. Ukiitoa, si kadi tu inayoharibika. Lakini silinda yenye pezi lililovunjika na iliyoliwa na kutu, ikichongwa kwa 0.50 au 0.75, itadumu? Na pistoni ya Kichina ndani ya silinda ya Kijapani inakaa vizuri, au nisake ya Honda hadi Gerezani, Kariakoo? Naomba jibu la mtu aliyefanya, akaendesha, akaona.

Tangi nalo lina hadithi yake. Lilikuwa likitikiswa linalia kama kayamba kwa kutu. Tulijaza siki, tukatia kiganja cha nati kuukuu, tukawa tunatikisa kwa zamu siku tatu. Kisha tukaosha kwa maji ya magadi kuiua ile asidi, tukalikausha juani, tukapaka oili ndani haraka kabla kutu mpya haijaanza. Ndani likawa jeupe. Nilipochungulia kupitia mdomoni nikaona nukta mbili za mwanga chini yake, ndogo kama tundu la sindano. Jirani mwenye mashine ya kuchomelea alikuja na miwani yake tayari, nikamzuia. Tangi lililowahi kubeba petroli linaweza kulipuka kwa mvuke uliobaki hata kama unaliona kavu, na mimi nina watoto hapa uani. Nimeambiwa kulehemu kwa risasi kunatosha kwa matundu madogo, ila tangi lijazwe maji kwanza. Wengine wanasema gundi ya mafundi ya kuchanganya pande mbili, ipakwe kwa ndani. Ipi inavumilia petroli kwa miaka?

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima usingizi.

Kijana hataki pikipiki irudi kama ilivyokuwa. Anataka kuigeuza kafe resa. Alinionyesha picha kwenye simu: pikipiki fupi, usukani umeinama, siti nyembamba ya mtu mmoja yenye kinundu nyuma, madigadi yametolewa. Akanieleza kwamba mtindo huo ulianza Uingereza miaka ya 1950 na 1960, vijana walipokuwa wanapunguza uzito wa pikipiki zao ili wakimbizane kutoka mgahawa hadi mgahawa. Nakiri ni nzuri kutazama. Lakini kupata umbo hilo lazima fremu ya nyuma ikatwe, ile sehemu iliyo nyuma ya shokapu, na kichomelewe kipande kingine cha duara. Lazima siti ndefu iondoke, na karia ya nyuma, na lile kava zima la cheni ambalo ndilo lililoikinga cheni ya baba na vumbi. Tangi anataka liwe jeusi. Vifuniko vya pembeni havitakuwepo kabisa.

Mama ana miaka 71. Siku aliyosikia neno kukata alinyamaza, akaingia ndani. Baadaye akaniambia kwamba alishuka juu ya siti hiyo kutoka Soni hadi Mombo, amekaa upande, akiwa na mimba yangu ya miezi minane. Wanaoijua ile barabara wanajua kona zake. Baba alikuwa anaendesha taratibu kiasi kwamba watu waliokuwa wakitembea kwa miguu waliwasalimia na kuulizana habari za nyumbani mpaka wakamaliza. Akasema, "Mwanangu, mkiikata, mimi nitakaa wapi?" Hajapanda pikipiki miaka mingi na magoti yake hayamruhusu tena. Lakini aliuliza hivyo, na sikuwa na jibu.

Nilipompelekea kijana maneno hayo hakubisha. Aliendelea kusugua spoki kwa msasa muda mrefu, kisha akasema, "Shangazi, babu aliendesha ya kwake. Mimi naomba niendeshe ya kwangu." Hilo nalo sina jibu lake. Bila yeye ingekuwa bado chini ya kuku. Na mimi mwenyewe sijui kuendesha. Nikiirudisha kama zamani, ikang'aa, nani ataipanda? Itarudi kibandani. Baba asingependa hivyo. Alikuwa mtu wa kutumia kitu mpaka kiishe.

Nimewaza njia ya katikati na naomba mnipime. Je, haiwezekani kutengeneza siti ya pili, fupi, inayofungwa kwenye matundu yaleyale ya bolti, bila kugusa fremu? Usukani wa chini si unafungwa na kufunguliwa? Siti ya mama, madigadi, karia na kava la cheni vikatunzwa ndani vikiwa vimepakwa grisi, ili siku mtu akitaka kuvirudisha virudi. Kijana anasema siti ya kufunga juu ya fremu ndefu inakuwa na mkia mbaya, haina umbo. Mimi hofu yangu ni kwamba bomba likishakatwa limekatwa, na huku kwetu atakayelichomelea ni fundi wa madirisha. Waliowahi kukata, fremu ilivumilia barabara za vumbi zenye makorongo, au ilifungua nyufa?

Kuhusu umeme sitawachosha. Ni ya volti 6, taa yake ni hafifu kama ya koroboi, na moto wa plagi unatoka kwenye zile pointi zilizo chini ya sumaku. Hapo nimekubaliana na kijana kwamba tuhamie volti 12 na CDI, kile kifaa cha kielektroniki kinachowasha plagi badala ya pointi, kwa sababu usiku barabarani taa ni uhai. Kama kuna anayeona tumekosea aseme.

Kuna na kile kifuniko cha KAWIA UFIKE. Hata kijana amekubali kibaki, kikifungwa au kisifungwe. Nataka kuzuia herufi zisiendelee kubanduka. Mpiga rangi mmoja anataka kupulizia vanishi ya magari juu yake, mwingine ameniambia maandishi yale ni rangi ya mafuta na thina kali itayakunja yote kwa dakika moja. Nimekataa kujaribu. Aliyewahi kuhifadhi maandishi ya zamani ya namna hiyo, kwenye gari au mashua au ubao wa duka, tafadhali nieleze ulitumia nini.

Mwisho ni kadi. Tuliikuta kwenye kopo la maziwa ya unga, mchwa wamekula pembe moja, jina la baba na namba zinasomeka. Kaka ndiye aliyeteuliwa msimamizi wa mirathi mahakama ya mwanzo, lakini wakati ule pikipiki haikuorodheshwa kwa sababu wote tuliiona chuma chakavu. Aliyewahi kuhamisha chombo cha marehemu TRA baada ya miaka mingi hivi, alianzia wapi? Mahakamani tena, au TRA kwanza?

Kijana ameshaazima grainda kwa rafiki yake. Ameniahidi hataigusa fremu mpaka shule zifunge Juni. Nimemwambia nimeandika barua hii, na tumekubaliana tutasoma majibu pamoja, mimi, yeye na mama.

Wenu,
Binti wa Bwana Shamba,
Korogwe