Kaka, mdimu wa mama haukuwa uchafu

Kaka, shikamoo. Hii najua itakufikia maana wifi yupo kwenye simu saa zote, na kule kwenye grupu la familia ulinijibu "tuache hayo" halafu ukatuma picha ya gari.

Siku ile ya arobaini ya mama watu hata mikono hawajanawa, pilau bado kwenye sinia, we umeshavaa bomba la dawa mgongoni utadhani uko shamba la nyanya. Ati usafi. Ati nyumba ya marehemu haiwezi kuwa na pori nyuma. Nafika pale mbio, wale viwavi wa vipepeo wa mama, wakubwa wa kijani, kwenye mdimu wameshatoa zile pembe zao za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, si unajua wakishtuka, na ile harufu yao imenipanda puani, wamezitoa zote na dawa inawadondokea tu. Wale wadogo wanaofanana na kinyesi cha ndege walishaanguka chini. Nikakufokea mbele ya wakwe zako, mdogo mtu mimi. Na ningekufokea tena.

Ada yako ya sekondari ilitoka wapi kaka? Mama huyo asubuhi kwenye banda la chandarua alilofugia vipepeo, anakusanya pupa moja moja, yaani kiwavi akishajifunga kabla hajawa kipepeo, zimejishika kwenye kijiti kwa uzi mwembamba kama mtu aliyefungwa mkanda, zinalazwa kwenye pamba, mbio mbio ziwahi kupanda ndege kabla hazijapasuka, zikapasukie Ulaya na Marekani watu walipe kiingilio kuangalia vipepeo wa huku kwetu Amani, milima ya Usambara. Na we ndo ulikuwa unatumwa kuweka ndizi zilizochacha kwenye mitego, unarudi unanuka kama umetoka kilabuni, mama anacheka mpaka anakaa chini.

Utasema biashara ilishakufa. Kweli, 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyama hai nje na vipepeo wakabebwa humo humo. Lakini mama hakung'oa hata mche mmoja wa kulishia viwavi. Alasiri anatoa kiti chake anawaangalia tu vipepeo, wale ndege hondohondo wakipita na makelele yao anawatukana kwa Kisambaa.

Siku nyingine uliza kwanza. Mdimu mkubwa haufi kwa viwavi, wanaomaliza ni mche mchanga, hata mtoto wa Muheza anayelinda michungwa anajua hilo. Mimi najua kwa sababu ndo niliyebaki hapa, ndo niliyemwogesha mama, we ulikuwa unapiga simu "anaendeleaje" halafu salio linaisha. Sisemi kwa ubaya. Ulimletea sola, ile taa alikuwa anawawashia wageni mchana kweupe waione. Nayasema haya maana huko mnasema nina roho mbaya, nilikufukuza msibani. Sikukufukuza, uliondoka mwenyewe, na nyama nikamfungia wifi.

Mdimu umechipua. Idi njooni na watoto, bomba liache Dar. Halafu ile hela ya chandarua wifi alisema anaituma, mkumbushe, haijaingia.