Mgongo ukiuma, si lazima ziwe figo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaoishi kwa dawa za maumivu.

Shemeji yangu aliendesha bodaboda miaka 8. Jioni alirudi mgongo umemkaza, na mtaani kwetu Tandika mgongo ukiuma kila mtu ni daktari: "Hizo figo hizo." Basi anapita duka la dawa, ananunua diklofenaki, anameza, alfajiri yuko barabarani tena. Hata siku moja hakuulizwa pale dirishani kama ana presha. Alikuwa nayo, na mwenyewe hakujua.

Kinachoniuma ni hiki. Mgongo wa dereva ni misuli na mashimo ya barabara. Figo zikianza kufa kwa presha, kwa kawaida haziumi hata kidogo. Lakini zile dawa alizomeza kwa kuzihofia figo, diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Ukizimeza mfululizo na presha iko juu, unaziharibu kweli. Alipoanza kuamka uso umevimba, sisi tulisema amenenepa. Alipofika hospitali alikuwa tayari ni wa kusafishwa damu, mara 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa 4. Bodaboda imeuzwa.

Presha na sukari ndizo zinazoongoza kwa kumaliza figo, na kuzipima ni dakika chache. Mkojo nao husema mapema: protini ikianza kuvuja, kijiti cha kupimia mkojo kinaiona mtu akiwa bado anajiona mzima. Ukitoa povu lisilokwisha, usingoje. Kwa damu, ulizia kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo nzima huitoa kwenye damu. Siku ya Figo Duniani, Alhamisi ya pili ya Machi, tunasikia matangazo ya kupima; mwaka una Alhamisi nyingine 51.

Ombi langu ni kwa wenye maduka ya dawa. Mtu akitaka dawa ya maumivu, muulizeni kwanza: una presha? Una sukari? Anayerudi kila wiki kununua ile ile, mwambieni akapime. Na kama mnayo mashine ya presha, ikae kaunta, si kabatini. Mnatujua kwa majina, hata madeni yetu mnayajua; swali hilo haliwezi kuwashinda.

Msomaji wako,
Tandika, Dar es Salaam