Barua kwa Rehema: kadi ya tatu ya Mama

Durban, Jumapili 16 Machi 2025

Kwako shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila Mama mkwe miguu imemvimba, na ukisoma utajua kwa nini. Alhamisi ulinipigia mara tatu sikupokea, na jioni nilipokuambia nilikuwa kwenye foleni ya kadi ukadhani ni kadi za harusi ya mtu. Shoga, hata chai ya harusi hatukuiona. Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri tukarudi saa tisa mchana.

Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu ya lile ulilonisimulia la walengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, mtaani kwenu, kwamba wengine wanahamishiwa malipo kwenye simu, na bibi zako wamegoma, na wewe kama mwanakamati wa zamani wanakufuata wewe kuuliza. Sina jibu la kitaalamu. Nina Mama tu, na kadi zake tatu.

Huku Afrika Kusini mzee akifikisha miaka 60, na kipato chake ni kidogo, serikali inamlipa kila mwezi hata kama hajawahi kuajiriwa. Wanaosimamia wanaitwa SASSA. Mama anapata randi 2,190, na Jumatano iliyopita Waziri wa Fedha alisoma bajeti akasema kuanzia Aprili zitakuwa 2,315. Watu wa hapa wanaiita impesheni, ukisikia tu umeshaelewa. Ila usidhani ni hela ya mzee. Kwenye nyumba hii inalisha wajukuu wanne, inanunua umeme, na mume wangu akikosa kibarua inanilisha na mimi mgeni.

Sasa, kadi aliyokuwa nayo ni ya rangi ya dhahabu, ya Postbank, benki iliyotokana na Posta. Wakatangaza kwamba za dhahabu zinaondoka, zinakuja nyeusi. Siku ya mwisho ikawa 28 Februari, kisha ikasogezwa hadi 20 Machi, yaani Alhamisi hii inayokuja. Wanaopokelea kwenye benki nyingine haiwahusu. Kadi zenyewe hazitolewi posta, kwa sababu Posta ya huku imechoka: tangu 2023 iko mikononi mwa wasimamizi wa kuiokoa isife, na matawi mengi yamefungwa. Zinatolewa kwenye supamaketi zilizoteuliwa, meza moja pembeni ya mlango, vijana wawili na kompyuta. Bure kabisa. Nasisitiza bure kwa sababu siku ile ile kulikuwa na kijana anauza namba za foleni, na mwingine ananong'oneza kwamba kwa randi 100 anakuletea kadi mpaka nyumbani. Bibi mmoja alikuwa ameshafungua pindo la khanga yake, tuseme la kitambaa chake, nikamshika mkono.

Hapo ndipo nilipojiponza. Nilisema maneno mawili ya Kizulu kumkataza, lafudhi ikanitoa. Unajua hali ya wageni huku. Mwanamke wa nyuma yetu akasema kwa sauti kwamba ndiyo maana foleni haziishi, wageni wamejaa hadi kwenye ruzuku. Nikanyamaza, nikaangalia viatu vyangu. Mama hakugeuka hata shingo. Akasema, "Ngumakoti wami lo," huyu ni mke wa mwanangu, kisha akanikabidhi mkoba wake mbele ya watu wote, mkoba wenye kitambulisho na kadi. Rehema, miaka kumi na moja ya ndoa, mkoba ule sijawahi kuugusa.

Nirudi nyuma kidogo, maana bila hili hutaelewa kwa nini mzee wa miaka 74 anaogopa kipande cha plastiki.

Kadi yake ya kwanza aliipata 2012, akiwa bado kijijini kwao Nongoma. Mwaka huo kampuni binafsi, Cash Paymaster Services, ilipewa kazi ya kulipa nchi nzima. Watu walipangwa wakapigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole vyote. Siku ya malipo yalikuja magari yenye mashine ya kutolea pesa, na walinzi wenye bunduki, na pembeni yake soko zima: mitumba, kuku, dawa za miguu, na watu wenye fomu. Hao wenye fomu ndio kisa cha Mama. Mmoja alimwambia aweke sahihi ili "asipitwe". Hakujua kusoma alichosaini, na mimi hadi leo sijui fomu ilikuwa ya nani. Baada ya hapo kila mwezi zikawa zinapungua randi 20, halafu 40, na akiuliza anaambiwa ni vocha. Vocha! Wakati huo Mama hana hata simu. "Mashine ilivijua vidole vyangu kumi," huwa anasema, "lakini haikujua kwamba sina simu."

Hakuwa peke yake. Malalamiko ya makato ya vocha, umeme, mikopo na bima yalijaa nchi nzima, hadi shirika moja la kutetea haki, Black Sash, likaanzisha kampeni ya kusema mikono iondoke kwenye ruzuku zetu. Mahakama ya Katiba nayo ilishasema tangu 2013 kwamba zabuni ile haikutolewa kihalali. Sasa cheka au ulie: serikali ilikaa na hukumu hiyo mpaka Machi 2017 bila kuandaa mlipaji mwingine. Zaidi ya watu milioni 10 wanasubiri hela ya Aprili na hakuna wa kuwalipa! Mahakama ikalazimika kuuongeza mkataba ule ule iliousema ni batili, mwaka mmoja zaidi, wazee wasilale njaa. Waziri aliyehusika, Bathabile Dlamini, alikuja kutiwa hatiani 2022 kwa kusema uongo chini ya kiapo kuhusu mambo hayo. Mama aliisikia redioni akazima redio akaenda kupalilia. Hakusema kitu.

Kadi ya pili, ile ya dhahabu, ilikuja 2018 kazi ilipohamishiwa Posta. Mwisho wa Septemba mwaka huo kampuni ikatoka kabisa. Kwa upande wa makato, nikiri, mambo yalitulia. Kwa kanuni, kinachoruhusiwa kukatwa kwenye ruzuku ya mzee ni bima ya mazishi, moja tu, isiyozidi asilimia 10, na kwa ridhaa yake. Zile randi za vocha zikakoma, Mama akaimba. Lakini lile gari la malipo likaacha kuja kijijini. Wakaambiwa kadi hii inafanya kazi kwenye mashine yoyote na kwa keshia wa supamaketi, ni kweli, ila supamaketi iko mjini. Nauli ya kwenda na kurudi ikawa sawa na unga wa wiki nzima. Akifika, mtandao umekatika, analala kwa ndugu au anarudi mikono mitupu. Kwa hiyo walizuia wizi wa randi 40 wakaleta nauli, na nauli haina pa kuilalamikia. Ndiyo sababu mojawapo tulimleta Durban akae nasi.

Na hata hiyo ya dhahabu ilikuwa na yake. Mwaka 2020 magazeti yaliandika kwamba ufunguo mkuu wa siri wa mfumo wa Postbank uliibwa na watu wa ndani, na ikabidi kadi kama milioni 12 zibadilishwe. Kisha Septemba 2023 mfumo ukagoma, wazee wengi wakakaa siku kadhaa hela imeandikwa imeingia lakini haitoki. Siku hizo Mama alikuwa anaamka usiku kuniuliza kama simu yangu imesema chochote.

Kwa hiyo Alhamisi, tulipofika mezani, haikuwa kadi nyeusi peke yake. Kijana alikuwa na adabu, lazima niseme. Akachukua kitambulisho, akabonyeza bonyeza, akampa kijimashine aweke namba ya siri, tarakimu nne. Mama akaniambia nigeuke. Nikageuka. Kijana naye akageuka. Foleni nzima kimya. Kisha nikasikia anaimba chinichini kwa pua, wimbo wa kanisani, na vidole vinabonyeza taratibu, na hapo nikajua namba ya siri ni namba ya wimbo kwenye kitabu chao. Sikutafuta ni upi. Nimeamua kutojua, na nyumbani kitabu kile sasa nakipisha kama sufuria ya moto.

Mkasa mwingine uliotokea palepale, huu unakuhusu zaidi. Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja amesindikizwa na kijana mwenye kofia, hamwachi hatua. Nikadhani mwanawe. Mama akasonya, akaniambia: "Huyo ni wa mashonisa." Mashonisa ni wakopeshaji wa mtaani, wale mnaowaita kausha damu. Huku mtindo wao ni kukaa na kadi ya mkopaji pamoja na namba yake ya siri. Hela ikiingia wanaitoa wao, wanachukua chao na riba, kinachobaki ndiyo wanampa mwenyewe. Ni kinyume cha sheria, na kila mtaa unawajua. Sasa fikiria serikali inaposema kadi zote zibadilishwe: kadi zilizofungwa rababendi kwenye droo ya mashonisa zote zinakufa siku moja. Ungedhani wadaiwa watapona. Wapi! Amewatuma vijana wake wawasindikize mmoja mmoja. Yule mama alipopewa kadi nyeusi haikukaa mkononi mwake hata dakika, ikaingia kwenye mfuko wa yule mwenye kofia. Nilimtazama kijana wa kompyuta, naye aliona. Akaita anayefuata.

Basi unaponiuliza kama bibi zako wakubali simu au wagome, sikuambii wagome. Mama mwenyewe ukimuuliza arudishiwe gari la walinzi na watu wa fomu atakataa. Lakini watakapokuja wale maofisa na projekta yao kwenye ofisi ya kijiji, usiwaulize mfumo ni wa kisasa kiasi gani, watakuonyesha slaidi hadi jua lizame. Waulize hela ikishaingia kwa bibi, nani mwingine anaweza kuichota kabla yake, na kwa karatasi gani. Waulize njia ya zamani inafungwa lini na mpya imejaribiwa lini, na wakisema vyote ni siku moja, simama. Waulize bibi asiye na simu laini itasajiliwa kwa jina la nani, maana hapo mjukuu mmoja tu mlevi anatosha. Wakala mwenye hela taslimu yuko umbali gani, na ada ya kutolea analipa nani. Na mtandao ukigoma, bibi apige wapi, na huyo wa upande wa pili ataongea Kigogo? Najua wewe hutaogopa kuuliza, ulishawahi kumsimamisha mtendaji wa kata kwa ajili ya mifuko miwili ya saruji.

Mimi kilichobaki ni kusubiri mwanzoni mwa Aprili, kama zile 2,315 zitaonekana kwenye kadi nyeusi au tutaanza safari nyingine. Nimemwambia Mama ile ya dhahabu sasa aikate kwa mkasi. Amekataa. Amezifunga zote tatu kwenye leso, ya 2012, ya dhahabu na nyeusi, akaziweka chini ya godoro. Anasema akizikata na hiyo nyeusi ikaja kukataliwa, atawaonyesha nini kwamba aliwahi kulipwa?

Nitumie zile picha za kipaimara cha mtoto, hukunitumia. Na Mama anakusalimu sana. Nilimwambia rafiki yangu ni Mgogo, na unajua huku gogo maana yake bibi, basi tangu jana anauliza imekuwaje kabila zima kule kwenu ni bibi vizee, na kama wote mnalipwa.

Wako,
Zawadi