Msisage kwanza, Mama Salma

Mama Salma mpenzi,

Assalaam alaykum. Watoto hawajambo? Mgongo wa Baba Salma umepoa? Huku Dar tuko salama, mvua tu. Salamu zaidi baadaye, maana tangu Bi Mwanaidi aniambie kikundi chenu kimepokea magunia ishirini ya mahindi ya kugawia kaya zenye shida na yamepangwa moja kwa moja sakafuni pale stoo ya madrasa, sijatulia.

Hayo mahindi msiyasage kwanza. Najua kaya zinasubiri na Mzee Kombo ameshaongea na mwenye mashine. Lakini mvua zikinyesha hivi, lazima mjue yamekauka kiasi gani. Tafuteni chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa. Chumvi ikaangeni kidogo iwe kavu nayo. Jazeni mahindi theluthi ya chupa, tieni vijiko viwili vitatu vya chumvi, tikiseni vizuri, acheni robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi ya kuweka ghalani hayatakiwi kupita 13.5. Msipime ya mdomoni mwa gunia peke yake, huko ndiko huwekwa mazuri. Azimeni bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kutolea punje, mchome katikati na chini, kila gunia.

Yatakayoonekana na unyevu yaanikwe juu ya turubai, tabaka jembamba, yageuzwegeuzwe, na yaingizwe ndani kabla wingu halijatanda. Kisha yachambuliwe yote kwa nyungo: punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zenye ukungu au rangi iliyobadilika, zitoke. Kazi inachosha na watu watanung'unika. Lakini sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kupika. Ugali uive vipi, sumu inabaki. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu hiyo hiyo. Na familia tunazozigawia ndizo zinazokula ugali mchana na usiku, mtoto na mjamzito humo humo, hazina chakula kingine cha kubadilishia. Hapo ndipo roho inaponiuma. Mtu anayepokea msaada hawezi kukurudishia unga akadai mwingine.

Punje mlizotoa zisiende kwa kuku wala kwa mpika pombe. Zifukieni.

Kwa shehena hii koboeni, mpate sembe. Dona ina lishe zaidi, ila sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, na dona yenyewe huwa chungu mapema kwa mafuta ya kiini. Pumba nazo msiwauzie wafugaji. Hesabu sasa: ukitoa pumba na zile mlizochambua, tegemeeni kilo 70 za unga kwa gunia la kilo 100. Ishirini ni kilo 1,400. Kwa kilo 12 kila kaya, ni kaya 116. Mkitangaza 150, wa mwisho wataondoka mikono mitupu mbele ya wenzao. Na muwaambie wazi kwamba kwa watu watano, gramu 400 kila mmoja kwa siku, hizo ni siku sita. Pimeni kwa mizani, si kwa kisado. Mmoja atajaza kichwa, mwingine atapangusa, ugomvi uanze.

Maharage, kilo mbili kwa kaya zinatosha kwa siku hizo, ila yaliyokaa muda mrefu yanakula mkaa kuliko thamani yake. Choroko mkiipata, chukueni.

Stoo iwekwe chaga, magunia yasiguse ukuta. Na yule kijana aliyependekeza vidonge vya kufukizia, mkatazeni. Gesi yake inaua watu, na mlinzi analala mlango wa pili.

Sasa nijibu. Mahindi yametoka wapi, na yamekaa njiani siku ngapi? Paa linavuja upande gani? Ufunguo anashika nani, na daftari nani? Orodha ya kaya imepitiwa na balozi wa kila mtaa, au ni ile ya mwaka jana? Yule bibi wa Chumbageni anayelea wajukuu yumo? Mizani mnayo, au nimtume kijana na basi la Ijumaa?

Wako,
Mama Farid