Mjomba, tusiseme ni uzee kabla Bibi hajapimwa kichwa

Shikamoo Mjomba,

Jana kwenye simu ulisema uzee umemwingia Bibi: anachanganya majina ya wajukuu, analala mchana kutwa, na akitembea anashika ukuta. Niliitikia tu kwa kuwa ulikuwa umechoka. Usiku usingizi haukuja. Naandika hadharani kwa sababu najua maneno kama yale yanasemwa kwenye nyumba nyingi.

Unamkumbuka shemeji yako alivyougua? Baba alijigonga kwenye boriti ya banda la kuku akiinuka na mayai mkononi. Hakuzirai, hakutoka hata tone la damu. Akajikanda kwa maji baridi, akaendelea na kazi zake. Wiki ya tano, ndala ya mguu wa kushoto ikaanza kumvuka njiani. Anafika sebuleni mguu mmoja mtupu, wala hana habari. Tukasema presha, jirani akasema kiharusi. Daktari alipouliza kama aliwahi kuanguka au kujigonga, sote tulijibu hapana. Mdogo wangu ndiye aliyelikumbuka lile banda.

CT scan, picha ya ndani ya kichwa, ilionyesha damu imejikusanya upande wa kulia, kati ya ubongo na utando mgumu unaoufunika. Wenyewe wanaiita hematoma sugu ya sabduro. Ubongo wa mtu mzima husinyaa umri unavyokwenda, na vimishipa vinavyouunganisha na ule utando hubaki vimevutika. Kishindo kidogo tu hukata kimoja. Damu inavuja taratibu, mwili unaizungushia ngozi laini yenye vimishipa dhaifu, navyo vinavuja tena. Ndiyo maana mtu hukaa mzima wiki kadhaa, kisha anabadilika. Hata mabingwa walipotea hapa: mwaka 1857 Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, alisema ni utando wenyewe unaovimba, mwaka 1914 Wilfred Trotter, daktari wa upasuaji wa London, ndiye aliyeshikilia kuwa chanzo ni pigo la kichwani, hata lile dogo lililokwisha kusahaulika.

Baba alitobolewa matundu mawili kwenye fuvu. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama oili chafu ya gari. Wakamwachia mpira wa kutolea maji siku mbili, maana damu hii huweza kurudi. Siku ya tatu akaniuliza kama kuku wamekula. Nilitoka nje nikalia.

Sasa Bibi. Wewe mwenyewe ulituambia aliteleza bafuni mwezi uliopita, na anameza vidonge vya kuzuia damu kuganda, ambavyo huzidisha uvujaji. Msivikatishe wenyewe, mchukulieni daktari pakiti aione, na mtajieni lile bafu hata asipouliza. Akitapika, akilegea upande mmoja au akawa mgumu kuamka, msingoje kuche.

Huenda si hii. Ikiwa ni uzee kweli, tutamlea pamoja, zamu zangu nitazishika. Pesa ya kipimo na nauli nimeshaituma kwenye simu yako. Basi la kwanza linatoka saa kumi na mbili asubuhi.